Bwana wa Sweta

Kusi likishika, wavuvi wa kweli huku Kisauni huanika nyavu wakangoja bahari itulie. Mtopanga ndio kwanza msimu wafunguliwa! Ewe bwana wa sweta, tumekuona barazani umebana ndoana kwenye jiliwa, waizungushia uzi mweusi, waya wa shaba na unyoya wa jogoo wa jirani.

Umetusomesha, tukaelewa: siku za baridi wadudu hawaruki, samaki hukaa chini kwenye maji mapole, basi chambo cha kuelea ni kazi bure. Huzamishwa mfano wa mdudu mchanga, mdogo lakini mzito, upite mdomoni pake asihangaike kuufuata. Elimu safi kabisa. Ila ni elimu ya trauti, na trauti aliletwa Kenya na mlowezi Grogan kutoka Scotland mwaka 1905, akatiwa mto Gura, huko milima ya Aberdare. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kutaabika. Ya kwetu, kipupwe kikaze kitakavyo, hayashuki chini ya 24.

Changu na tasi hawana habari na unyoya. Changu ajua kamba na ngisi, tasi ajua mwani. Juzi umetuuliza utupe mdudu wa kahawia au wa kijani. Tupa wa kijani, bwana, uoane na sweta. Na ukipitia kwa mama wa samaki wa kukaanga pale steji, mwambie azidishe karatasi: mafuta yanakutangaza mtaa mzima.