Wino Ukishakauka
Mwanasheria wa ndani, yaani wakili aliyeajiriwa na kampuni yenyewe badala ya kukodiwa kesi kwa kesi, haonekani kila siku katika miji ya Nyeri, Othaya na Kerugoya, ingawa viwanda vya chai vya huko ni kampuni ambazo hisa zake ni za wakulima. Nyenzo hazimpungukii: Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, yenye vifungu zaidi ya 1,000, husomwa bure kwenye hifadhi ya Kenya Law. Adimu zaidi ni mkurugenzi wa kumuuliza kabla ya kutia saini, kwani mkataba humfikia wino ukishakauka, pamoja na ombi la heshima kwamba athibitishe, ikiwezekana kabla ya chai ya saa nne, kuwa ulikuwa halali tangu mwanzo.