Mprotestanti wa Mkebe wa Biskuti

Leo asubuhi, kabla sijakaa vizuri barazani, muuza kahawa alinijazia kikombe, akanitazama kwa huruma ya uongo, akauliza: "Vipi, kauri zimeshaoshwa?" Baraza zima likaangua kicheko. Alicheka hata mzee anayekaa mwisho kabisa, ambaye ni kiziwi na adhana yenyewe huarifiwa kwa kuguswa bega. Habari yangu ilikuwa imemfikia.

Ilitokea Idi pili, nyumbani kwa Ami, baada ya biriani na kabla ya kahawa, mbele ya wakwe zangu. Nao wakwe hawakufika pale kwa bahati. Siku ya posa mama mkwe aliuliza, kwa adabu zake zote, sisi ni watu wa wapi hasa. Ami ana macho ya rangi ya asali na huyategemea kama watu wengine wanavyotegemea hati ya kusafiria; akamjibu kwamba kwa upande mmoja sisi ni watu wa Hamburg. Mama mkwe akasema, "Aa." Tangu siku hiyo Ami alikuwa na deni la ushahidi, na Idi hii aliamua kulilipa.

Nimelelewa na habari hizo. Babu wa babu yetu, Hamis, alikuwa mtoto wa tajiri wa Kijerumani aliyefanya biashara Unguja zama za utawala wa Sayyid Majid. Jina la tajiri hakuna aliyelijua. Kwetu aliitwa Mprotestanti, na hata huo uprotestanti wake ulipatikana kwa hesabu ya kutoa. Mapadri wa Kikatoliki walifika Unguja mwaka 1860, nao ni watu wa madaftari. Kama baba angekuwa Mkatoliki, Hamis angebatizwa na kuandikwa. Hamis hakubatizwa wala hakuandikwa, basi baba yake alikuwa Mprotestanti. Kwamba Hamis huenda hakubatizwa kwa sababu alikuwa Mwislamu, mtoto wa Mwislamu, ni wazo ambalo halijawahi kukaribishwa ndani ya nyumba ile.

Ushahidi wenyewe ulikaa kwenye mkebe wa biskuti, juu ya kabati, pamoja na vyeti vya chanjo na funguo za milango isiyokuwapo tena. Ni karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Mchwa walikula sehemu ya juu, wakaondoka na jina la kampuni na mwaka, wakatuachia 18 peke yake. Iliyobaki imejaa mwandiko mwembamba ulioinama, na katika mistari yote hiyo yalisomeka maneno matatu: Zanzibar, Hamis, Dollars. Na tarakimu: 40. Kwa maneno matatu na tarakimu moja ukoo wetu ulitunga wasia mzima. Baba aliyeko Zanzibar anamwachia mwanawe Hamis fedha zake. Kuhusu hiyo 40, Ami alikuwa na hakika kwamba sifuri zake zililiwa na mchwa.

Sasa mwandiko ule, naomba mnivumilie, maana ndicho kitu pekee katika mkasa huu nilichokipenda. Wajerumani wa karne ya 19 waliandika kwa hati iitwayo Kurrent. Herufi zake ni zile zile za alfabeti, lakini zimevaa nguo nyingine. Herufi e ni vijiti viwili vilivyokaribiana, kwa hiyo jicho linaona n. Herufi n nayo ni vijiti viwili, ila mkono umeachia nafasi zaidi. Herufi u ni n iliyotiwa kijitao juu, na mwandishi akiwa na haraka kijitao hicho hukisahau. Herufi s ziko mbili, ndefu ya kukaa katikati ya neno na fupi ya kulifunga. Ukikutana na neno lenye e, n, m na u nyingi, unaloona mbele yako ni meno ya msumeno, na ni juu yako kujua limekata nini. Serikali ya Ujerumani iliiondoa hati hiyo shuleni mwaka 1941, hivyo Mjerumani wa leo anaweza kurithi barua za babu wa baba yake na asiambulie kitu. Nililithibitisha hilo Forodhani. Kijana mmoja wa Kijerumani aliipokea karatasi yetu kwa furaha, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akasema ni Kiarabu.

Lakini hati hiyo ilikuwa na desturi moja nzuri. Mwandishi alipofika kwenye jina au neno la kigeni, alibadili mkono akaliandika kwa herufi za Kilatini, hizi tunazozijua sisi. Ndiyo maana yalisomeka maneno yale matatu. Mengine yote, yaani yale yenye habari, yalikuwa nyuma ya msumeno.

Mwishowe nilimpata mwalimu mstaafu huko Ujerumani anayesoma hati za zamani kwa mapenzi yake tu. Nilimtumia picha, na jibu lake likaingia kwenye simu usiku wa kuamkia Idi. Nilitaka kulifungua pale pale. Ami akanikataza: wasia haufunguliwi bila warithi kuhudhuria. Basi Idi pili nikasimama katikati ya ukumbi, simu mkononi, warithi wamejaa hadi ngazini, watoto wamenyamazishwa kwa kaimati. Ami alikuwa amevaa koti zito la sufi juu ya kanzu, kwa heshima ya Hamburg, na jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Jibu lilikuwa kwa Kiingereza, nami nikawa natafsiri mstari baada ya mstari.

"Magunia haya yamekuja na wadudu wake bado wamo ndani," nikasoma.

"Magunia ya nini?" akauliza baba mkwe.

"Mali," akasema Ami. "Endelea."

"Ghala zima linanuka. Karani wetu ametapika."

Ami akawaeleza wageni kwamba Wajerumani ni watu wasioficha jambo. "Endelea, mwanangu."

"Hamis, mleta barua hii…"

Hapo macho yangu yalikuwa yameshatangulia mstari wa mwisho na mdomo ulitaka kubaki nyuma. Ami akapiga mkono wa kiti. "Soma!"

"…asilipwe dola zake 40 mpaka kauri zioshwe upya. Akibisha, mwambieni mimi sipo."

Feni iliendelea kuzunguka. Ukoo uliokaa kizazi baada ya kizazi ukilinda wasia ulikuwa umelinda kikaratasi cha kumnyima mtu malipo, alichokabidhiwa mwenyewe akipeleke, naye asijue kusoma kilichomo. Sahihi ilikuwapo. Ya karani mwingine. Kisha mama mkwe, kwa adabu zake zote, akauliza: "Na hizo kauri, zilioshwa?"

Swali hilo lilitoka nje ya nyumba kabla yangu.

Tangu hapo nimezisoma kauri kuliko inavyompasa mtu mwenye kazi ya kufanya. Afrika Magharibi ilitumia kwa karne nyingi kauri za Maldives kama fedha, ndogo na nyeupe. Pwani yetu ina jamaa yake, kubwa kidogo, yenye pete ya njano mgongoni. Katika miaka ya 1840 Adolph Jacob Hertz, mfanyabiashara wa Hamburg, alijaribu kupeleka hizi za kwetu upande ule, zikapokelewa. Nyumba ya biashara ya O'Swald ikafungua tawi Unguja mwaka 1849, kampuni ya Hansing nayo ikaja, na mwaka 1859 Hamburg, Bremen na Lübeck zikawa na mkataba wa biashara na Sayyid Majid. Hebu fikiria ujanja wa biashara hiyo. Meli inatoka Hamburg na bidhaa, inazishusha Unguja, inapakia kauri, inazunguka Rasi ya Tumaini Jema, inazitumia kununua mafuta ya mawese Lagos na Whydah, kisha inarudi Hamburg na mawese ya kutengenezea sabuni na mishumaa. Huku Unguja wanachukua kitu kilichookotwa ufukweni, na wakifika upande wa pili kimekuwa sarafu. Kule Whydah kauri 40 zilitungwa uzi mmoja, nyuzi 50 zikawa kichwa cha 2,000, vichwa 10 vikawa gunia la 20,000. Huwezi kuzighushi, panya hawazili, maji hayaziharibu. Zilikuwa na ila moja tu: bahari haikuishiwa. Meli zilimwaga kauri nyingi mno, thamani ikaporomoka, mpaka kuzibeba kukawa kazi kubwa kuliko kuzipata.

Na zinanuka, naam. Kauri ina mnyama ndani. Huokotwa wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, kwa kuinama na kugeuza mawe mgongo ukiwa juani. Kisha hulundikwa ufukweni mnyama afe na kuoza, sisimizi na inzi wale kilichobaki, ndipo zioshwe. Shughuli hiyo haikubali haraka. Mwenye mashua akiwahi kuzitia gunia kabla hazijamaliza kuoza, anayeshtuka ni karani wa ghala.

Nilichokasirikia hakihusiani na harufu; kinahusu nani aliandikwa na nani hakuandikwa. Mfanyabiashara wa Kiprotestanti ni mtu rahisi mno kumfuatilia. Vitabu vya kanisa la Kilutheri vina ubatizo wake, kipaimara chake, ndoa yake, mazishi yake. Tangu mwaka 1866 jiji la Hamburg nalo likaanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali. Daftari za hesabu za mfanyabiashara huyo zinahifadhiwa. Mtazame Heinrich Ruete, aliyekuwa wakala wa Hansing hapa Unguja, ambaye Ami alikuwa na desturi ya kumwita "rafiki wa babu". Alizaliwa 1839. Alipendana na jirani yake, Sayyida Salme binti Said. Agosti 1866 Salme, mjamzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer mpaka Aden. Huko alibatizwa na kuolewa siku moja, tarehe 30 Mei 1867. Mwaka 1870 Ruete akapata ajali ya tramu Hamburg, akafa. Mpaka tramu imo katika kumbukumbu! Salme tunamjua kwa sababu alikuwa binti wa Sultani, na kwa sababu mwaka 1886 alichapisha kitabu chake mwenyewe. Wanawake wengine wa mji huu waliokaa na Wazungu bila ndoa, wakawazalia watoto, hawakuwa na kitabu wala manowari.

Na wale waliogeuza mawe? Gunia limehesabiwa, limepimwa kwa kipimo cha jizla, limeandikwa bei yake na hata harufu yake. Aliyelijaza hayumo. Wala sisi hatuna la kujivunia mbele ya Wajerumani. Muulize Ami habari za Mprotestanti, atakueleza pua yake, kofia yake, na jinsi alivyokunywa kahawa bila tangawizi. Muulize mama yake Hamis aliitwa nani, atakwambia "bibi mmoja wa shamba". Tumemhifadhia pua mwanamume ambaye hakuwapo, na mwanamke ambaye lazima alikuwapo hatukumwachia jina. Kila nikilifikiria hili sioni pa kuchekea.

Mengine yamepita upesi. Binamu yangu aliyeanza kujifunza Kijerumani amesimama kwenye tarakimu. Wifi ameteremsha picha ya bandari ya Hamburg sebuleni, akatundika saa. Lile wazo la kupima nasaba kwa mate, Ami ameomba lisitajwe mbele ya watoto.

Yeye mwenyewe alizinduka siku ile ile, kabla ya wengine wote. Kahawa ilikuwa haijafika alipovua lile koti, akalikunja, akaomba karatasi iletwe tena. "Barua hii ilipaswa kupelekwa kwa mlipaji," akasema. "Mbona iko kwetu? Hamis hakuipeleka. Hakulipwa. Na hati ya deni ikiwa bado mkononi mwa mdai, deni bado lipo." Nikaona ukoo ukiinua vichwa. Dola za zama zile, akaendelea, zilikuwa reale za Maria Theresa, sarafu za fedha, zote zimepigwa chapa ya mwaka 1780 hata zile zilizotengenezwa miaka mingi baada ya bibi huyo kufa. Kwa hiyo zinadaiwa kwa uzito. Tena kwa muda wote huu kuna nyongeza.

"Riba haramu, Sheikh," akasema baba mkwe.

"Si riba. Ni fidia ya usumbufu."

Wakaanza kugawana. Wana wa Ami fungu lao, wana wa marehemu baba fungu lao, na mtu mmoja wa ngazini akauliza kama waliohamia Muscat wanahesabiwa. Shangazi, aliyekulia pwani na aliyekuwa kimya tangu asubuhi akikata halua, akaweka kisu chini.

"Aliyeziokota nani?" akauliza.

"Hamis," akasema Ami.

"Hamis alikuwa na mashua. Mwenye mashua hainami. Wameokota wanawake na watoto wao, kama nilivyookota mimi. Basi kabla Mzungu hajadaiwa na Hamis, Hamis anadaiwa nao. Hesabu yao iko wapi?"

"Dada, hao hawakuacha karatasi."

"Na wewe yako," akasema Shangazi, "inasema usilipwe."

Mama mkwe, ambaye tangu posa hajawahi kucheka nyumbani kwetu, alicheka mpaka akaomba maji.