Namna ya Kubeba Mimba Ukiwa Mume

Mkeo akikuambia ana mimba, jipongeze: kazi yako ngumu imekwisha. Iliyobaki ni yake, nawe utaisimamia ukiwa umekaa.

Wazee wa Gusii walizoea kuificha mimba wakihofia jicho la hasidi. Endeleza desturi hiyo pale inapokufaa: ifiche hata siku ya kliniki, usije ukaombwa nauli ya bodaboda. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza mahudhurio manane, la kwanza kabla wiki ya 12 haijapita. Wewe mwachie mwezi wa saba, tumbo likishajitangaza lenyewe.

Huku kwetu, iwe Nyamache au Manga, kutoka mtoni hadi nyumbani ni kupanda tu. Tangulia mikono mitupu. Akisimama kuhema, muulize uzee umemwingia lini. Usithubutu kutaja kwamba damu yake inaongezeka kwa karibu nusu, na moyo unaisukuma yote hata akiwa amelala. Ukilijua hilo hadharani, mtungi wa maji utakuwa wako.

Kliniki watampa vidonge vya kuongeza damu. Simamia avimeze kwa chai, maana tuliilima ya nini? Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo viganja vyake vikizidi kupauka utapata nafasi ya kulaumu vidonge vya serikali. Kuvimeza kwa maji na kuiacha chai isubiri saa moja au mbili ni maneno ya wauguzi. Na mboga za chinsaga zikiiva, kumbuka nani anapakuliwa kwanza.

Kisha machozi. Atalia kwa sababu umechelewa, na atalia kwa sababu umerudi. Mwite mama yako aje asimulie alivyochuma majani chai hadi siku ya uchungu bila kulalamika. Dawa hiyo haijawahi kumtuliza mtu, ila mama yako atafurahi sana. Homoni, hofu ya kuzaa na usingizi wa vipandevipande usivitaje. Huzuni ikimkalia wiki mbili mfululizo, iite kudeka. Muuguzi ataiita ugonjwa, nao una matibabu.

Moja tu sitalifanyia mzaha. Kichwa kikimuuma bila kuacha, macho yakiona maluweluwe, uso ukivimba ghafla, au akivuja damu, usingoje kukuche wala usiitishe kikao cha ukoo. Tafuta gari, mfikishe hospitali, na uingie naye.