Rai Ipi?

Utoto wangu niliumalizia juu ya dungu. Kwa mtoto wa mjini nieleze: dungu ni kichanja cha miti kinachosimamishwa katikati ya shamba, mtoto akapandishwa huko na debe bovu, kombeo na kipande cha muhogo wa kuchoma, kisha akaambiwa asilale. Kazi yenyewe ni kuamia. Mchana ndege na tumbili, usiku nguruwe. Kwetu Handeni mnyama yeyote aliyeelekeza pua yake kwenye mahindi alikuwa adui, na tulimpigia debe hadi mikono ikafa ganzi. Nilipopata shule niliapa kwamba mimi na shamba basi, na mimi na wanyama basi kabisa.

Sasa nina miaka hamsini na mbili, naishi Minnesota, na mwaka jana nilitoa fedha yangu halali kununua mbegu ili wanyama waje wale.

Kisa ni baba mkwe. Nimeoa huku, na mzee ana ekari arobaini karibu na Brainerd, mwendo wa saa mbili na ushee kaskazini ya Minneapolis. Ni mchanga mtupu, misonobari na mialoni, na hapa na pale amefyeka vishamba vitatu vya kuwalishia wale wanyama wenye mkia mweupe ambao Kiswahili hakijakubaliana wawe nani. Kamusi moja itakwambia kulungu, nyingine paa. Lakini kulungu wa kwetu pembe zake ni za kudumu, na huyu wa Minnesota dume huzidondosha kila majira ya baridi na kuotesha nyingine. Waliotafsiri Biblia walimpa jina la ayala, yule wa Zaburi ya 42 anayetamani maji. Nami nitamwita ayala, ingawa huyu ninayemjua mimi hatamani maji. Anatamani klova, aina ya majani ya malisho.

Sheria ya huku inachekesha kidogo. Ukimwaga ndoo ya mahindi chini ya mti, ukapanda juu na bunduki kumsubiri ayala, umevunja sheria ya Minnesota, kwa sababu huo ni mtego wa chambo. Mahindi hayo hayo ukiyapanda, ukayapalilia, ayala akaja kuyala yakiwa yamesimama, wewe ni mkulima. Ndiyo maana kila Agosti wanaume wazima wenye pensheni huanza kuzungumza habari za mbolea.

Mwaka jana magoti ya mzee yaligoma. Akanipigia simu. "Wewe umezaliwa shambani Afrika," akasema, "mbegu unazijua kuliko mimi. Ninunulie." Sasa ungemjibu nini? Kwetu mkwe ni mtu wa kupishwa njia, hata kukohoa mbele yake unatafuta ruhusa. Huku watu humwita mkwe kwa jina lake la kwanza, kama mtu uliyesoma naye. Mimi limenishinda hadi leo, namwita Baba. Nikasema: "Ndiyo, Baba." Akanitajia orodha nami nikaiandika kama nilivyoisikia: rai ratili mia moja, klova ratili nne, tanipu ratili mbili. "Rai," akarudia, "usisahau rai. Hiyo ndiyo yaya wa klova."

Nililielewa baadaye. Rai ni nafaka, ndugu wa ngano. Huota hata udongo ukiwa baridi, haichagui mchanga wala udongo wenye uchachu, na hubaki kijani wakati vingine vyote vimekufa. Ukiipanda mwisho wa Agosti pamoja na klova, inaota haraka na kuikinga klova changa, ambayo haina pupa. Mwaka wa pili rai imekwisha, klova imeshika nyumba. Mpango wa busara kabisa, laiti ningejua siku ile.

Dukani nilimkuta kijana mwenye heshima zake. Nikamwambia nataka rai, ratili mia. Akaniuliza, "Rai ipi?"

Swali lilikuwa la haki. Ningeweza kumpigia mzee simu. Ningeweza hata kumuuliza yule kijana tofauti ni nini, angenieleza na yangekwisha. Lakini mimi nimezaliwa shambani Afrika, sivyo? Nikaegemea kaunta kama mtu mwenye maghala, nikasema: "Ile ya kawaida." Akanipakilia mifuko miwili ya ratili hamsini hamsini, na katika Kiswahili changu nikajipongeza kwamba nimekwenda kutafuta rai bila kuomba rai ya mtu.

Ningeondoka pale ningekuwa na kosa moja tu. Lakini mlangoni kulikuwa na rafu ya mifuko yenye picha. Ayala dume kifua mbele, pembe kama mti wa mkwaju uliopukutika, ukungu wa alfajiri nyuma yake, na mfuko wote unang'aa kama kanga mpya. Jina lake silitaji, ila lilikuwa na neno lenye maana ya mfalme. Ratili kumi, bei ya kiatu cha Idi. Nikaona klova ya kupima na kufungiwa kwenye mfuko wa karatasi ni aibu kumpelekea mkwe. Nikanunua mfalme.

Mzee alinipokea nyuma ya gari. Hakuiangalia picha hata kidogo. Aliupindua mfuko, akavaa miwani, akatafuta kile kijikaratasi cha herufi za sisimizi kilichoshonwa chini. Kijikaratasi hicho si hiari ya muuzaji. Marekani ina sheria ya mbegu ya mwaka 1939, na majimbo nayo yana zake, zinazomlazimu aandike ndani mna nini: aina ya mbegu, sehemu iliyo safi, ngapi kati yake huota, takataka kiasi gani, magugu kiasi gani, na lini zilipimwa. Picha hawakumlazimisha, aliiweka kwa mapenzi yake.

"Soma," akaniambia. Nikasoma. Mbegu safi asilimia sitini na nne. Vitu visivyo na uhai, thelathini na tano. Nikamuuliza vitu gani hivyo. "Koti," akasema. Kumbe mbegu ya klova huvalishwa koti la unga wa chokaa ili ionekane kubwa na ishike udongo, na koti lenyewe lina uzito. Kuota, themanini na tano kwa mia. Mzee akachukua kalamu, akazidisha juu ya kiganja: sitini na nne mara themanini na tano, hamsini na nne na kitu. Katika ratili zangu kumi nilikuwa nimenunua ratili tano na ushee za mbegu hai, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni chokaa, isiyofaa hata kwa tambuu.

Halafu akafungua mfuko wa rai, akachota, akamwaga mkononi mwangu bila kusema. Hapo ndipo nilipoona haya, kwa maana macho yangu yalijua kabla ya akili. Nafaka ya rai ni punje nzito, ndefu, rangi ya kijivu. Hivi vilikuwa vijimakapi vyepesi, ukivipuliza vinaruka. Zilikuwa nyasi za rai, ambazo Waingereza wamezipa karibu jina lile lile, na ambazo haziwi yaya wa klova bali huisonga. Mtoto aliyepepeta mpunga tangu ana miaka sita amenunua ratili mia za kitu kinachofanana na makapi, akalipa na risiti akachukua.

Duka halirudishi mbegu ikishatoka mlangoni. Mfuko ule uliofunguliwa tuliumwaga kando ya njia ya gari ili usipotee bure, na nyasi zikaota nzuri hata uwanja wa mpira wa Mkwakwani kule Tanga ungeona wivu. Ayala wanakatiza juu yake wakienda kwingine. Mzee kila tukipita hupunguza mwendo, anaangalia, anasema: "Uwanja wako unaendelea vizuri."

Safari ya pili nilikwenda naye. Hatukwenda dukani, tulikwenda kinu cha nafaka, mahali penye vumbi, paka wawili na mzee mwenzake anayekula sandwichi juu ya mizani. Rai ilitoka katika gunia jeupe lisilo na picha wala neno, ila kijikaratasi: mbegu safi tisini na tisa, kuota tisini. Bei nusu ya ile niliyolipa. Klova ikapimwa kwa kopo. Nikataka kuuliza kama kuna yenye picha, nikanyamaza.

Tanipu nayo nitaisema kwa ufupi. Mbegu zake ni ndogo kama ulezi, na ratili nne au tano zinatosha ekari nzima. Mimi kilimo changu ni kile cha shimo, mbegu tatu, fukia kwa kisigino. Hapa walinipa kimashine cha kuvaa kifuani, unazungusha mpini mbegu zinaruka. Kina kijitundu cha kufungua kidogo. Nilikifungua chote. Nilipiga hatua ishirini, nikasikia mashine imekuwa nyepesi, nikadhani nimezoea kazi. Ratili mbili zote zilikuwa kwenye eneo la sebule. Ziliota zimebanana kama abiria wa daladala ya jioni, majani tele na mizizi ya unene wa penseli. Ayala hawakuyagusa majani hayo mwezi mzima. Husubiri baridi kali iyatie utamu, na wengine huchukua hata mwaka kuzoea. Mimi sikusubiri. Nilichuma kapu, nikakatakata, kitunguu, nyanya, nikala na ugali mke wangu akinipiga picha ili amwonyeshe baba yake ni nani hasa anayemaliza chakula cha wanyama.

Kunde nimezichelewesha kwa sababu bado zinaniuma. Hilo lilikuwa kosa la Juni, kabla ya yote haya, na lilikuwa wazo langu mwenyewe. Nilikuta katika orodha ya mbegu za ayala kunde hasa, kunde hizi hizi zilizotoka Afrika na kuvuka bahari enzi za biashara ya watumwa, leo zinauzwa kwa ratili kwa watu wa bunduki. Machozi yalinilenga. Nikazipaka ule unga mweusi wa bakteria wanaosaidia mizizi kutengeneza mbolea, mikono ikawa kama ya mchoma mkaa, nikapanda mistari iliyonyooka, nikampigia mama simu ya picha nimwonyeshe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hizo ni kunde?"

"Kunde, mama."

"Mungu akubariki. Za mboga au za kuuza?"

"Za paa, mama."

Akasogeza simu sikioni, kama mtu anayeshuku mtandao. "Unawalinda paa wasile."

"Hapana, mama. Nawapandia ili wale."

Kimya. Nikasikia jogoo wa Handeni anawika. Kisha akamwita shangazi. "Njoo umsikilize mtoto wako. Tulimpandisha dunguni miaka minane, leo amekwenda Marekani kuwakaribisha."

Wiki ya tatu kunde zilikuwa vijiti. Kishamba ni kidogo, ayala ni wengi, na mche wa kunde ukikatwa kichwa ukiwa mchanga ndiyo basi. Sikumwambia mama.

Novemba, siku ya kwanza ya msimu, mzee alinialika nikae naye. Nikavaa koti la rangi ya chungwa inayokubaliwa na sheria, nikapanda ngazi, na juu nikakuta nini? Dungu. La chuma, lina viti viwili na zulia, lakini ni dungu, linaangalia rai na klova zilizoota vizuri sana, nisijisifu. Masharti yalikuwa kinyume cha yale niliyoyajua: usikohoe, usitikisike, usivute kamasi. Sharti moja tu lilifanana, kwamba nisilale.

Nililala. Ilikuwa giza, baridi, na nilikuwa nimeamka saa tisa za usiku. Nilipofumbua macho jua ndiyo kwanza linachungulia, na pale ukingoni mwa msitu mnyama mkubwa mwenye pembe anaingia shambani polepole, kichwa chini, anakwenda kula. Baadaye mke wangu aliniuliza nilikuwa nafikiri nini. Sikufikiri. Mkono wenyewe ulikamata chupa ya chai ukaigonga kwenye chuma, ko-ko-ko-ko, na mdomo ukatoa ukelele wa miaka arobaini iliyopita: "Huyoooo! Huyoooo!"

Yule ayala nadhani sasa yuko Kanada.

Mzee hakusema neno. Alirudisha bunduki magotini, akakaa, akaitazama rai yake robo saa nzima. Kisha akanimiminia chai kutoka kwenye chupa iliyobonyea. "Sasa," akasema, "nimeamini umezaliwa shambani."

Mfuko wa pili wa nyasi za rai, ratili hamsini, haujafunguliwa na uko stoo kwangu. Mwenye mbuzi maeneo ya Minnesota anitafute achukue bure. Usafiri juu yake.