Kitambaa cha Mchungaji: Mhadhara wa Bure, Kikapu Kitapita

Bassebo ne bannyabo, nanyi mliokaa nyuma mkidhani bado ni mpira, tulieni. Mechi imekwisha, picha haijaanza, na katikati hapo Kasubi yetu ya Kampala imebahatika kunipata mimi.

Sina haja ya kujitambulisha. Atakayeulizia shahada yangu aelewe kwamba vyuo vikuu vilichelewa, nikajitunuku mwenyewe, humu humu kwenye kibanda hiki cha video kando ya barabara ya Hoima, benchi la pili kutoka kwenye spika. Miaka 19 nimelikalia. Wengine husoma kwa macho. Mimi nimesoma kwa makalio, na elimu ya namna hiyo haisahauliki.

Mada ya leo: je, filamu za kejeli zinawatendea haki Wakristo, au zinawashonea wote sare moja?

Mchungaji wa kwenye picha tunamjua kabla hajafungua mdomo. Suti inang'aa, viatu vina ncha ya kuchomea viazi, na mkononi ana kitambaa cheupe cha kufutia jasho. Akitokea tu, VJ wetu huacha kutafsiri, akacheka kwanza, nasi tukajua kuna hela ya mjane inakwenda kupotea. Mlokole wa kike naye: sketi inafagia njia, Biblia kwapani, umbea mdomoni. Mkatoliki ni yule anayetoka misa moja kwa moja hadi kwenye tonto, pombe ya ndizi. Mwanglikana bado hajapata sare. Nadhani wameshindwa kumwona.

Na hapa niwakumbushe jirani zetu wa Kenya na Tanzania wanaolitumia neno "mlokole" kwa kubeza: hilo ni letu. Limetoka kwenye Kiganda, okulokoka, yaani kuokoka, likasafiri na ule uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuvuka mipaka yote bila pasi. Tumewauzia kahawa, wamelipa. Walokole wamewachukua bure, na sasa wanawacheka bila hata kututumia asante.

Twende Uingereza. Mwaka 1979 kikundi cha Monty Python kilitoa Life of Brian, picha ya kijana aliyezaliwa zizi la jirani na la Yesu, watu wakadhani yeye ndiye Masihi. Norway na Ireland zikaipiga marufuku. Sweden wakaitangaza kwamba inachekesha mno hadi Norway wameikataza. Lakini zilizougusa moyo wangu wa kisomi ni baadhi ya halmashauri za Uingereza kwenyewe: ziliikataza ilhali katika maeneo yao hapakuwa na jumba la sinema hata moja. Huo ndio usomi! Macho humchanganya mtu. Mimi niliiona nusu, umeme ukakatika, kwa hiyo utaalamu wangu una dosari kidogo.

Nusu hiyo ilinivuruga. Nilikwenda nikiwa nimeshakasirika, nikakuta Yesu mwenyewe hakuguswa. Anahubiri mlimani kwa heshima zote. Wanaochekwa ni wale waliosimama nyuma kabisa, wasiosikia vizuri, wanaoulizana amesema nini na kuanza kugombana. Baadaye wafuasi wa Brian wanagawanyika: hawa wameinua kiatu chake, wale kibuyu chake, kila kundi likiamini kwamba limepewa ishara. Nyie wa nyuma, mnacheka nini? Nawaonya tu.

Sasa Limuru, Kenya, 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii wanaandika Ngaahika Ndeenda, na wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ wanaicheza wenyewe kwa Kikuyu. Najua ni tamthilia, si filamu. Mtaalamu habanwi na mada yake. Tajiri mcha Mungu anamtembelea maskini na kumwambia kwamba ndoa yake ya kimila ni dhambi, akafunge nyingine kanisani. Harusi inataka pesa, pesa ni mkopo wa benki, dhamana ni shamba la eka moja na nusu. Shamba linakwenda. Tajiri huyo anaitwa Ahab, na mkewe Jezebel. Watunzi hawakutaka mtu yeyote achelewe kuelewa. Serikali nayo haikuchelewa: ilifuta ruhusa ya maonyesho mwaka huohuo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini.

Waliwaonea Wakristo? Kwa yale majina, ndiyo, waliwaonea. Kwa ile hati ya shamba, muulizeni aliyewahi kuuza kiwanja ili akodi hema na keki ya ghorofa tano. Naona watatu humu wameinamisha vichwa.

Kwa haki kamili lazima nivuke bara hadi Senegal. Ousmane Sembène, mtoto wa familia ya Kiislamu, alitoa Guelwaar mwaka 1992, na hiyo niliiona yote, jenereta siku hiyo lilikuwa na adabu. Maiti ya Mkatoliki inachanganywa mochwari na kuzikwa makaburi ya Waislamu, na wenye vyeo wengi wanaumbuka. Marehemu mwenyewe hakuwa malaika. Lakini ndiye aliyesimama hadharani kukataa taifa lake lilishwe kwa misaada ya wageni, na msimamo huo ukamgharimu maisha. Dhambi na ushujaa katika jeneza moja! Nilitoka nje nimekasirika kwa sababu sikuwa na pa kumweka.

Maana kuwekwa mahali tumezoea tangu utoto. Nikiwa shule ya msingi, katika igizo la Siku ya Mashahidi wa Uganda, nilipewa nafasi ya Mukajanga, mkuu wa wauaji. Niliambiwa nitoe macho na kunguruma. Wenzangu waliokuwa Mashahidi walifungwa shuka nyeupe na kuagizwa watazame juu wakitabasamu. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda aliyeamuru vijana Wakristo wachomwe Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alizomewa na shule nzima pamoja na wapishi. Hakuna mzazi aliyelalamika kwamba Wakristo wameshonewa sare. Ilikuwa sare nzuri, nani alalamike? Wala hakuna aliyetuambia kwamba Mwanga huyohuyo alibatizwa uhamishoni Shelisheli, akaitwa Danieri, akafia huko mwaka 1903, na mwaka 1910 mabaki yake yakaletwa hapa Kasubi, kilimani kwetu, ndani ya jumba la Muzibu Azaala Mpanga walimolala makabaka wanne. Yule tuliyemzomea ni Mkristo mwenzetu, na ni jirani. Sasa mwaka ujao kwenye igizo avalishwe nini?

Samahani. Jjajja, mzee anayechoma ndizi za gonja pale mlangoni, mlokole wa siku nyingi, ananyoosha mkono. Sema, Jjajja.

Anasema: "Mwana wange, mbona nawe una kitambaa?"

Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba kitambaa hiki ni cha kisayansi. Mabati ya kibanda hiki hayana dari, ni saa nane mchana, na nimesimama. Mtu yeyote angetoka jasho.

Jjajja anasema kanisa lao kule bondeni nalo ni la mabati bila dari. Mchungaji wao anahubiri saa sita mchana, ndani ya suti moja aliyonayo, ambayo waumini walimchangia ili asiwaaibishe msibani. Anauliza kama katika miaka yangu 19 nimewahi kuona picha inayoonyesha lile bati.

Sijaona. Nimeona vitambaa vingi mno, kimoja hata kilikuwa cha hariri, na najua kuna wachungaji wanaostahili kila kicheko tunachowapa. Bati sijaliona. Kamera hushuka moja kwa moja hadi kwenye jasho.

Nitalifanyia utafiti. Kikapu kinapita sasa. Si sadaka, ni mchango wa taaluma, na anayetoa noti asiombe chenji. Na mwenye nusu ya pili ya Life of Brian anitafute hapa, benchi la pili, kabla umeme haujakatika.