Kosa la Waya, Adhabu kwa Betri

Abiria ameshapanda, kofia ngumu imeshamkaa, nauli imeshabishaniwa mpaka pande zote mbili zimechoka. Dereva anabonyeza stata. Pikipiki inajibu: tik. Anabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba stata ina tatizo la kusikia: tik. Kijiwe kizima kinageuka kutazama. Abiria anashuka taratibu, anarudisha kofia kwa adabu inayouma kuliko tusi, kisha anapanda pikipiki ya pili kwenye foleni. Hapo hapo hukumu inatolewa na mtu ambaye hata spana hajashika: "Betri imekufa hiyo." Nashikilia kwamba hukumu hiyo mara nyingi ni uonevu mtupu. Betri hushtakiwa kwa sababu ndiyo inayojulikana kwa jina na ndiyo inayouzwa dukani, ilhali mkosaji yumo kwenye maungio ya waya, mahali ambapo hakuna anayepachungulia.

Ushahidi wa kwanza ni hiyo hiyo tik. Ni mlio wa rilei: umeme mdogo wa kwenye kitufe umefika, sumaku imevuta, mlango wa umeme mkubwa umegongwa. Kilichokosekana ni umeme mkubwa wenyewe. Honi hula ampea mbili au tatu tu. Stata ya pikipiki ya cc 150, pale inapoanza kuzungusha injini iliyolala, hutaka makumi ya ampea, tuseme 60. Sasa chukulia kwamba ule unga mweupe chini ya skrubu ya terminali umeleta ukinzani wa omu 0.03, kiasi ambacho mita nyingi za bei ndogo haziwezi hata kukisoma. Zidisha kwa ampea 3 za honi: zinapotea volti 0.09, na honi inalia kama kawaida. Zidisha kwa ampea 60: zinapotea volti 1.8 mahali pamoja tu, na bado hatujafika kwenye bolti ya waya wa hasi, pale unapoingia kwenye fremu kati ya rangi na tope. Betri nayo hushuka volti inapobebeshwa mzigo, hata ikiwa nzima. Jumlisha hasara hizo na utaona jinsi pikipiki inavyoweza kupigia honi mtaa mzima huku ikishindwa kuzungusha injini yake yenyewe. Sichoki kulistaajabia jambo hili. Chembe ya kutu isiyojaa ukucha huichagua stata peke yake na kuacha kila kitu kingine kikifanya kazi, ndiyo maana honi ni shahidi wa hovyo kabisa: kulia kwake hakuthibitishi kwamba njia ya stata ni nzima.

Atainuka mtu aseme: mbona betri ikibadilishwa pikipiki inawaka? Kweli inawaka. Lakini tazama fundi anavyoibadilisha. Anafungua skrubu, anakwangua vichwa vya waya kwa msasa, anapachika, anakaza vizuri. Tiba imeshafanyika kabla betri mpya haijatoa hata cheche, na sifa zote zinakwenda kwa betri. Tena betri iliyochajiwa vizuri dukani inaweza kuficha ugonjwa wa pili. Kama rektifaya imeharibika, pikipiki itawaka kwa siku kadhaa ikila akiba, kisha tik itarudi. Washa injini, ongeza mafuta kiasi, pima kwenye betri: mita isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikiganda kwenye 12, hata ungenunua betri kila mwezi ungekuwa unamlisha mgonjwa asiyemeza.

Sisemi betri hazifi. Betri iliyochajiwa ikajaa, ikapumzika ikasoma volti 12.6 au zaidi, halafu ikadidimia chini ya 9 stata inapobonyezwa, hali maungio yote ni safi, hiyo imejihukumu yenyewe. Mita haipo? Tazama taa ya niutro unapobonyeza, maana taa kubwa ya pikipiki nyingi ndogo haiwaki mpaka injini iwake. Ikififia sana au kuzimika, betri imechoka au kiungo chake kimelegea; ikibaki vile vile na tik inasikika, kagua rilei, kisha kaboni za stata. Na kama hakuna hata tik, angalia swichi nyekundu ya kuzimia injini kabla hujamwita mtu.

Wapo wanaosema haya yote ni ya nini wakati kiki ipo. Kiki inawasha injini, haiponyi kitu. Betri ikiachwa na chaji ndogo kwa wiki nyingi, salfeti ya risasi huganda kwenye bamba zake, na mshtakiwa aliyeingia rumande mzima hufia humo.

Hapo ndipo kicheko kinapoishia. Betri inayotupwa ina risasi, na risasi huyeyushwa karibu na watu fulani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walitiwa sumu na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba zao; mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kuzungushwa kwenye rufaa. Kila betri nzima inayotupwa kwa kosa la skrubu inaongeza mzigo kwenye njia hiyo. Fundi naye simlaumu peke yake: akiuza betri anapata faida, akikwangua terminali kwa dakika tano anaambiwa "asante, ndugu yangu" na pikipiki inaondoka. Kazi ya kupima iwekewe bei yake, iandikwe ukutani pamoja na bei ya kubadilisha oili. Mtasema hakuna mteja atakayekubali kulipia msasa. Mbona huyo huyo analipia betri asiyoihitaji, tena bila kuomba kuonyeshwa ile ya zamani ilikosa nini?