Kamba Ameingia Dirishani

Yeoville, Johannesburg

Mjomba,

Barua hii uisome kwa sauti, maana Mama anasema nawapiga kamba. Siku ile niliposema kwenye simu kwamba kamba ameingia chumbani, mlicheka wote, na Bibi akaagiza nimpike kwa nazi. Bibi, huyu haliwi! Mji huu uko kama mita 1,750 juu ya bahari, na bahari yenyewe haionekani hata ukipanda paa. Kamba wa Parktown, mtaa wa hapa hapa, ni mdudu wa ukoo wa nyenje: mwekundu, karibu sentimita 7, sharubu zimeupita mwili. Ukimsogelea anaruka, ukimkera anakurushia kinyesi cheusi kinachonuka. Wenyeji wanamsifu eti anakula konokono bustanini. Mimi bustani sina, konokono sina. Kwangu alifuata nini?

Kosa ni langu. Dirisha lina nondo za kuzuia wezi, lakini wavu ulikuwa umechanika kwenye kona ya chini, nami nikapuuza. Malaria ya nchi hii iko Limpopo, Mpumalanga na kaskazini mwa KwaZulu-Natal, si Joburg. Nikaona wavu ni pambo tu.

Fundi alikuja, akataja bei. Nikamshukuru sana, nikamsindikiza hadi getini.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukigongomea papi za mbao pale nyumbani Ngamiani, misumari umeibana mdomoni. Hapa msumari hauna kazi, Mjomba. Fremu ya alumini ina mfereji, na wavu unabanwa humo na kamba ya mpira (ya, Mama, si wa). Unaing'oa kwa bisibisi, unatandaza wavu mpya, kisha unaisukumia kamba mferejini kwa kigurudumu kidogo. Mara ya kwanza niliuvuta kama ngozi ya ngoma, fremu ikapinda. Mara ya pili nikalegeza mno, ukaning'inia kama kanga mbichi. Mara ya tatu ulikaa vizuri kabisa, ila nilipokata mabaki kisu kikapitiliza. Nikarudi dukani. Muuzaji sasa ananiita kaka.

Jana jioni nilimaliza. Nikazima taa, nikalala kifalme.

Saa nane usiku, kwaru, kwaru. Nikamulika dirishani kwa simu. Wavu mzima, umenyooka, hauna tundu hata la sindano. Kamba ameung'ang'ania kwa ndani, sharubu zinacheza, anatafuta pa kutokea.

Nawaandikia nikiwa juu ya meza.

Mpwa wako